Mama mkwe anamlisha chura wetu wali wa nazi

Shangazi, shikamoo.

Naandika kutoka Columbus, Ohio, lakini kwetu ni Morogoro na mume wangu ni mtu wa Tanga. Najua safu yako imezoea barua za ndoa na mirathi. Yangu inahusu chura, na naomba usinicheke mpaka umalize kusoma.

Mtoto wetu wa kwanza, mwenye miaka 9, alituomba mnyama wa kufuga. Mbwa haikuwezekana, mwenye nyumba hataki. Paka nayo haikuwezekana, mimi manyoya yananipigisha chafya hadi nalia. Tukaishia kwenye chura, wale wa Amerika Kusini wenye vipembe juu ya macho, wanaoitwa Pacman, kama yule wa mchezo wa kompyuta, kwa sababu mwili wote ni mdomo. Anakaa sebuleni kwenye tangi la kioo, kajifukia kwenye udongo, yamebaki macho tu. Mtoto kampa jina la Kibonge. Dukani walituambia tumpe nyenje na nyungunyungu, na ndivyo tulivyofanya hadi mama mkwe alipokuja kutuona.

Siku za mwanzo mama hakuwa akipita sebuleni bila kusoma dua. Kwao chura akiingia ndani hutolewa kwa ufagio, na huyu wa kwetu kamkuta ana taa yake na kipimajoto chake. Baadaye akamwonea huruma. Akasema, "Kiumbe wa watu mmemfungia, halafu mnamlisha wadudu kama hana wenyewe." Akaanza na kipande cha samaki wa kukaanga kwenye ncha ya kijiti cha meno, akamtikisia mbele ya uso. Kibonge akaruka, akameza. Bibi na mjukuu wakapiga makofi, na tangu hapo umekuwa mchezo wa kila jioni. Chura yule kala wali wa nazi uliofinyangwa kama kidonge, ugali, soseji, maini ya kuku yaliyoungwa kwa kitunguu, na hata kipande cha embe.

Nikisema neno, mama ananijibu kuwa angekuwa hakipendi angekitema. Na kweli hakitemi! Mume wangu anasema nimwache, mama anaondoka mwezi wa tano. Lakini sasa Kibonge hataki nyenje, wanamtembea mgongoni naye ametulia tuli. Tumbo limemjaa na sijaona kinyesi tangu Ijumaa iliyopita. Kilichonikatisha tamaa ni juzi, nilipomkuta mama anaosha bakuli la maji la chura kwenye sinki la jikoni pamoja na vyombo vyetu, na mtoto wetu mdogo wa mwaka mmoja na nusu ameketi pembeni anatafuna kijiko.

Shangazi, chura anaweza kula chakula cha binadamu? Katika hivyo alivyokwisha kula, kipi ni cha kuogopa? Na mama mkwe nitamwambiaje bila kuonekana mkamwana anayemnyima mgeni hata raha ya kulisha chura?

Mkamwana, Columbus

*

Marahaba, mwanangu. Sijacheka, isipokuwa hapo kwenye dua. Nami kabla ya kiti hiki nilikaa sana kwenye ofisi za mifugo, kwa hiyo barua yako imenikuta nyumbani.

Umeuliza habari za tumbo la chura, lakini nitaanza na sinki, maana hapo hatuna muda wa kubembelezana. Chura mwenye afya njema kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela, wanaoleta kuhara na homa, kwenye ngozi, kwenye kinyesi na kwenye maji anayokaa, yeye mwenyewe asiumwe chochote. Kati ya mwaka 2008 na 2011 Marekani ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa huo uliotokana na vyura wadogo wa majini, wale ambao asili yao ni Kongo na nchi jirani, wanaouzwa huko kwa ajili ya matangi ya samaki. Waliougua walikuwa mamia, katika majimbo zaidi ya 40, na wengi wao ni watoto wadogo. Baadhi hawakumgusa chura hata mara moja. Yalitosha maji ya tangi yaliyomwagwa mahali wanapopita. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, haishauri chura afugwe katika nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5 au mtu wa miaka 65 na kuendelea. Wewe una mmoja wa kundi la kwanza, na mama sijui ana miaka mingapi, lakini mtendee kama wa kundi la pili.

Sikuambii umtupe Kibonge. Nakuambia leo hii nunua ndoo na sponji vyake peke yake, vioshwe bafuni na si jikoni, kisha bafu lisuguliwe kwa dawa. Kila aliyeweka mkono kwenye tangi anawe kwa sabuni hadi kwenye kiwiko. Kwa kumlishia nunua koleo ndefu ya dukani. Hivyo vijiti vya meno vinavyotoka kwa chura na kulala mezani karibu na sahani, sitaki kuvisikia tena. Mdogo asikaribishwe karibu na tangi hata kama analia.

Sasa tumbo. Wengi wanaofuga vyura hujiuliza kama mabaki ya mezani yanafaa, na jibu langu kwa chura aliyekomaa wa nchi kavu ni hapana. Mama mkwe ana hoja moja nzito, nayo ndiyo inayowapoteza watu wengi: kama kitu kibaya, mbona anameza?

Anameza kwa sababu kimetikiswa. Jicho la chura halichagui kama letu. Mwaka 1959 watafiti wa Massachusetts walipima mishipa inayotoka kwenye jicho la chura kwenda kwenye ubongo, wakakuta mingine inashtuka pale tu kitu kidogo cheusi kinapopita mbele yake. Kitu kilichotulia chura hakihesabu kuwa chakula, na anaweza kufa njaa amezungukwa na nzi waliokufa. Kwa chura kama wa kwenu, anayewinda kwa kujifukia na kungoja, kinachojongea na kuenea mdomoni ni riziki, iwe panzi au chura mwenzake. Mama akitikisa kifundo cha kitambaa kwenye kijiti, Kibonge atakirukia kwa furaha ileile aliyouonyesha wali wa nazi. Kwa hiyo kuruka kwake hakuthibitishi kuwa anapenda. Mjaribuni: muweke huo wali kwenye kisahani, usitikiswe, muone kama ataugusa.

Wala hana namna ya kuonja na kutafuna kabla ya kuamua. Chura hatafuni. Anabana kwa taya, halafu macho yenyewe yanazama ndani na kusaidia kusukuma tonge kooni, ndiyo maana mnaona anafumba macho kama mtu anayemeza kwinini. Akishagundua amemeza sumu, kazi inakuwa kubwa: vyura wengi hulitoa tumbo lote nje kwa kupitia mdomoni, wakalipangusa kwa mkono, na kulirudisha. Mimi hilo limenishangaza kuliko mengi niliyoyaona kwa ng'ombe na mbuzi. Lakini haina maana tumtegee Kibonge afikie huko.

Katika orodha yako ninachokiogopa zaidi ni chumvi, iliyojificha kwenye samaki, kwenye maini na zaidi kwenye soseji. Chura hanywi kwa mdomo kama sisi. Anakalia maji au udongo wenye unyevu, na ngozi ya tumboni na mapajani inayanyonya. Mwili wake umejengwa kwa maji yasiyo na chumvi, na figo zake haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi kama wetu. Soseji moja, ambayo wewe hata hujasikia ukali wake, kwa mnyama wa ukubwa wa ngumi ni mzigo. Kitunguu na viungo navyo viondoke.

Mafuta yanakuja kwa taratibu. Hawa Pacman ni wavivu, wanakaa mahali pamoja siku nzima, na wanaofugwa hunenepa hadi ini linajaa mafuta. Kwa vyura wengine wa kufugwa, hasa wale wa kijani wa Australia wanaokaa mitini, lishe yenye mafuta mengi huwaletea utando mweupe kwenye mboni ya jicho. Kwa hiyo wali ule una makosa mawili, nazi na wali wenyewe. Kiluwiluwi ana utumbo mrefu uliojizungusha kwa sababu anakula majani na ukungu wa kijani wa majini. Anapogeuka chura, utumbo unafupishwa sana na anakuwa mla nyama. Wanga wa ugali na wali hauna kazi humo, unabaki kama matope. Na embe vilevile. Kuna chura mmoja tu anayejulikana sana kwa kula matunda, wa pwani ya Brazili, na Kibonge si ukoo wake.

Maini na nyama tupu vinadanganya watu kwa sababu chura ni mla nyama kweli. Ila porini anakula mnyama mzima, na mifupa yake na matumbo yake. Nyama peke yake ina fosforasi inayozidi madini ya chokaa, ile kalsiamu, mara kumi na zaidi. Mwili ukikosa chokaa kwenye chakula huichota kwenye mifupa. Wewe umekulia Morogoro, umewaona watoto wenye matege. Chura naye hupata ugonjwa wa namna hiyo: taya linalegea kama mpira, miguu inapinda, vidole vinatetemeka, na mwisho anashindwa hata kufunga mdomo. Kwa chura mchanga anayekua miezi michache inatosha kumharibu, na mfupa uliokwisha kupinda haunyooki.

Hapa niwe mkweli kwa mama. Kipande kibichi cha samaki asiye na chumvi wala mwiba, mara mojamoja sana, hakitamuua chura mkubwa, na wapo wafugaji wanaofanya hivyo. Wale vyura wa majini wenye kucha wa Afrika, ambao maabara za dunia nzima zimewafuga tangu miaka ya 1930, wao hunusa chakula majini na hula hata nyama iliyokufa. Kwa miaka mingi walilishwa vipande vya maini na moyo wa ng'ombe. Kwa hiyo mama akisikia mahali kwamba kuna chura aliyefugwa kwa maini, hakudanganywa. Ni chura mwingine tu.

Kuhusu hali yake ya sasa: acheni kumlisha kabisa. Kutojisaidia tangu Ijumaa si ajabu kwa chura aliyekomaa wa aina hiyo, wanaweza kupitisha wiki na zaidi. Kinachonitia wasiwasi ni tumbo lililojaa pamoja na kukataa chakula. Tazama kipimajoto. Akiwa kwenye baridi chakula hakisagiki, kinaozea humo humo. Anataka nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi, kwenye vipimo vya huko ni kama 75 hadi 82. Kisha muweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mdogo, kina kisifike kwenye kidevu, kwa dakika 15 au 20, mara moja kwa siku. Maji ya bomba yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Kuyalaza usiku kucha kama tulivyofanya zamani hakutoshi, kwa sababu miji mingi ya Marekani hutumia kloramini ambayo haipotei kwa kuachwa wazi. Hiyo ngozi inayonywa maji inakunywa na dawa, na sabuni pia, kwa hiyo kabla ya kumshika mikono isuuzwe hadi iishe utelezi.

Ukiona tumbo limekuwa gumu, au miguu inatetemeka, au anaachama mdomo bila sababu, au analala upande, usisubiri jioni. Tafuta daktari anayetibu vyura na nyoka, na umuulize hilo kwa simu kabla hujatoka nyumbani. Wapo madaktari wazuri sana wa mbwa ambao chura hawajawahi kumshika.

Nije kwa mama mkwe, maana naona ndiye aliyekufanya uandike.

Mwanangu, mtu mzima katoka Tanga, kaingia kwenye nyumba ambayo watu wazima wanatoka asubuhi na kurudi jioni, nje baridi, jirani hamjui, duka la kwenda kwa miguu hakuna. Kapata kiumbe kimoja kinachomsubiri yeye. Ukimwambia "mama, acha kumlisha chura" umemwondolea kazi pekee aliyojipatia mwenyewe, na hata ukisema kwa adabu zote atasikia kwamba chakula chake hakifai. Mkuu hanyang'anywi kazi, anabadilishiwa. Na bahati nzuri ipo namna ambayo mapishi yake yanaweza kumfikia chura bila madhara, kwa kupitia tumboni mwa mdudu.

Sikutanii. Nyenje wa dukani mara nyingi wana njaa, na nyenje mwenye njaa ni ganda tupu. Wafugaji wanaojua hulisha wadudu vizuri siku moja au mbili kabla ya kumpa chura, ili chura ale mdudu na kilichomo ndani yake. Hapo ndipo mama aingie. Maganda ya karoti, vipande vya boga na viazi vitamu vibichi ni chakula kizuri cha nyenje, na vina ile rangi ambayo kwa wanyama wengi hugeuka vitamini A. Vyura wa kufugwa hupungukiwa vitamini hiyo hadi ulimi unapoteza unato, akamlenga mdudu na asimnase. Mchicha usiwe wa kila siku, una asidi inayoshika chokaa isitumike. Nyungunyungu nao watunzwe kwenye ndoo yenye udongo na maboksi yaliyochanwa, wapewe maganda ya mboga na majani ya chai yaliyokwisha chujwa, ila si chumvi, kitunguu, ndimu wala mabaki yenye mafuta. Kwa chura wa kwenu nyungunyungu mkubwa ndiye ningemweka mbele ya wote, ana nyama na ana chokaa kuliko nyenje. Wanunue kwenye maduka ya wavuvi. Wa bustanini kwa watu siwapendi, hujui jirani kapiga dawa gani kwenye majani yake. Na kiangazi kikifika, mjukuu asije akamkamatia kimulimuli. Wale wa Marekani wana sumu inayoua mijusi na vyura wa kufugwa, na hahitaji wengi.

Unga wa kalsiamu wenye vitamini D3 ununue kwenye duka la wanyama, mtoto awe ndiye anayewapaka nyenje kwenye mfuko kabla ya kuwatoa. Hapo bibi ana ndoo yake, mjukuu ana unga wake, na koleo wanaishika kwa zamu. Ila mchezo wa kila jioni haupo tena. Chura aliyekomaa wa aina hiyo anakula mara moja au mbili kwa wiki, mdudu asizidi upana wa kichwa chake. Siku nyingine waende wakalishe ndege.

Kama atakuuliza nani duniani anahangaika hivi kwa ajili ya chura, msimulie habari za kwetu. Kwenye maporomoko ya mto Kihansi, Milima ya Udzungwa, waliishi vyura wadogo wa njano wasiofika sentimita 3, wanaozaa watoto badala ya kutaga, na hawapatikani kwingine popote. Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko, ukungu uliokuwa ukiwalowesha ukaisha. Mwishoni mwa mwaka 2000 serikali ya Tanzania iliruhusu 499 wapelekwe Marekani, na mwaka 2009 ikatangazwa kuwa porini hawapo tena. Miaka ya mwanzo huko ugenini walikufa wengi mno. Bustani mbili za wanyama ndizo zilizofaulu kuwazalisha, Bronx ya New York na Toledo, hapo hapo Ohio kwenu. Waliwalisha wadudu wadogo kama chembe, nzi wa matunda na vitoto vya nyenje, walionyunyiziwa vitamini. Mwaka 2010 wakaanza kurudishwa Dar es Salaam, na 2012 wakaachiwa tena Kihansi. Toledo si mbali na kwenu. Pigeni simu muulize kama siku hizi wanaonyeshwa kwa wageni, kisha mumpeleke mama akawatazame watani zake wa Morogoro.

Kwa mume wako nina maneno machache. Mwezi wa tano ni mbali kwa chura mwenye tumbo lililojaa soseji. Mazungumzo ya sinki ayafanye yeye, kwa sababu ni mama yake, na neno hilohilo likitoka kwa mwanawe linabaki ushauri.

Na huku kugomea nyenje kutapita. Amezoeshwa vitu vikubwa vinavyotikiswa usoni kwake, basi tumieni ufundi uleule wa mama: nyungunyungu mmoja kwenye koleo, akitikiswa taratibu, jioni taa ikishazimwa. Subirini kwanza tumbo lipungue na kinyesi kitoke. Njaa ya wiki moja haimdhuru mnene kama yeye. Ikifika wiki ya pili hajagusa kitu, au hajajisaidia, mpeleke kwa daktari kwenye kopo lenye kifuniko kilichotobolewa na karatasi laini iliyoloweshwa, na kama kuna kinyesi chochote kipya, kibebe kwenye kikopo chake. Chukua pia orodha ya kila kitu alichokula, soseji ikiwemo, iandike bila aibu.